Mkia wa beta unapungua kila asubuhi: ni mapezi kuoza, au kuna anayeung'ata?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina tangi la samaki la lita 80. Ndani yuko beta dume mmoja mwekundu wa mkia mrefu, taiga barbi wanne, neoni wanane, gapi dume watatu na koridora watatu. Wiki tatu zilizopita mkia wa beta ulianza kupungua. Usiku namwacha yuko sawa, asubuhi nakuta kipande hakipo, kama mtu kapitisha mkasi. Muuzaji aliniambia ni mapezi kuoza, akanipa dawa, na nimeshamaliza dozi mbili. Kila nikiona ukingo umeanza kuwa mweupe unaopitisha mwanga, naongeza dawa, lakini hali ni ileile. Gapi mmoja naye pezi la mgongoni limechanika. Barbi na neoni hawana hata mkwaruzo. Amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati 40, joto nyuzi 26. Huu ni ugonjwa gani, na je, mkia utarudi?

Jibu: Pole na hizo wiki tatu, na ahsante kwa kupima maji kabla ya kuuliza. Wengi huniletea picha ya mkia tu, tena iliyotikisika.

Nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita, maana jibu limejificha humo: ule ukingo mweupe unaopitisha mwanga. Huo si uozo. Ni pezi jipya linaota. Samaki wako amekuwa akipona mbele ya macho yako, wewe ukaona ugonjwa unarudi ukaongeza dawa, kisha mwenzake akaja akaling'oa lile chipukizi, mkaanza upya wote watatu.

Pezi limeundwa kama mwavuli. Kuna njiti nyembamba zinazotoka mwilini kwenda nje, na katikati ya njiti kuna utando. Kipande kikikatika, njiti huanza kurefuka kutoka palepale zilipokatikia, na utando mpya huzifuata. Rangi huchelewa. Ndiyo maana kwa beta mwekundu sehemu mpya huonekana kama imebandikwa, mpaka unajua hapa ndipo pa zamani palipoishia. Zima taa ya tangi, chukua tochi, mulika mkia kutokea nyuma. Pezi jipya ni jembamba, laini, linang'aa kama nailoni, na ukitulia utaona njiti ndogo ndogo zikipita ndani yake. Uozo hauko hivyo. Ukingo wake una ukungu kama maziwa yaliyomwagikia kitambaa, haupitishi mwanga vizuri, umechakaa kama pindo la nguo kuukuu, na mara nyingine una mstari mwekundu au mweusi. Tena uozo hula utando na kuziacha njiti zimetokeza nje kama meno ya kitana.

Halafu kuna suala la mwendo. Mapezi yakioza kwa kawaida hupungua kidogo kidogo kwa siku nyingi, ukingo mpana ukirudi nyuma. Hayakatiki kipande cha nusu mwezi kwa usiku mmoja huku pembeni pakiwa pazima. Pengo la mviringo lenye kingo safi ni alama ya mdomo. Vilevile bakteria wanaoozesha mapezi, akina Aeromonas, Pseudomonas na Flavobacterium, mara nyingi hupata nafasi pale maji yanapokuwa mabaya au samaki anapokuwa ameshadhoofika. Amonia na nitriti, sumu zinazotokana na taka za samaki, kwako ni sifuri. Kitu pekee ninachokusuta ni hiyo nitrati 40: badilisha theluthi moja ya maji wiki hii, kisha robo kila wiki, na maji mapya uyaondoe klorini kwanza. Hilo halimli beta mkia, lakini jeraha hupona upesi zaidi kwenye maji safi.

Kabla ya kumnyooshea mtu kidole, tuwaondoe washukiwa wawili ambao si majirani zake.

Wa kwanza ni pambo. Jiwe lenye ncha au mmea wa plastiki huchana pezi la beta kama msumari unavyochana kanga. Lakini mchaniko wa namna hiyo hufuata njiti, ni mstari wa kutoka ukingoni kuelekea mwilini, na kipande hakipotei: ukikunjua mkia unaona pande mbili zote zipo. Kwako kipande hakipo. Ukitaka kuondoa shaka kabisa, vaa soksi ya nailoni mkononi, upapase kila pambo. Inaponasa soksi, mkia nao utanasa.

Wa pili ni beta mwenyewe. Wapo beta wanaojing'ata mkia, hasa wale waliozalishwa wawe na mkia mkubwa kupita nguvu zao. Anajikunja, anaudaka, anakata donge zima, na pengo linafanana sana na la kung'atwa. Namna ya kupambanua ni kuangalia mapezi asiyoweza kuyafikia. Mdomo wake unafika mkiani na mwisho wa pezi la chini, basi. Kama na yale mapezi mawili membamba yanayoning'inia chini ya koo yamefupishwa, au pezi la mgongoni limeguguniwa upande wa mbele, huyo si yeye. Na ukimtenga peke yake, kama nitakavyokuomba ufanye leo, mkia ukiendelea kukatika basi umeshajua.

Sasa turudi kwa wale waliobaki bila mkwaruzo.

Taiga barbi, Puntigrus tetrazona kwa jina la kitaalamu, ni samaki wa kundi, na ndani ya kundi wana ngazi. Kutwa wanafukuzana, wanatunishiana, wanadokoana, kila mmoja anapima nafasi yake. Wakiwa kumi, dokoa dokoa hiyo inagawanyika na kuishia humohumo mwao. Wakiwa wanne, hawatoshi kuchezeana, basi nguvu zote zinatafuta pa kwenda. Pale mbele yao kuna kitambaa chekundu kinachopepea polepole, chenye mwili usioweza kukimbia. Usiwachukulie kuwa wana roho mbaya. Kwa barbi, pindo la beta ni kitu kinachotikisika kama mnyoo majini, na kila akilivuta halimrudishii pigo lolote.

Unajiuliza mbona hujawahi kuwaona. Mimi nilishawahi kumtibu samaki malaika kwa wiki nzima nikidhani ni ugonjwa. Zile nyuzi ndefu za tumboni zilikuwa zinafupika, nami nilikuwa na tetra wekundu wa serpae ambao kila nikisogea kwenye kioo walikuwa watoto wa dini, wamejipanga mbele wakingoja chakula. Siku moja nilikuwa nimelala sakafuni natafuta kifuniko kilichobingirikia chini ya meza ya tangi. Nikatazama juu. Tetra mmoja alitoka nyuma ya mmea, akashika ncha ya uzi, akatikisa kichwa mara moja, kama fundi nguo anavyokata uzi kwa meno, akarudi alikotoka. Haikuzidi sekunde. Malaika alishtuka, akasogea kidogo, akaendelea na maisha yake. Nilipoinuka, wote walikuja mbele tena na sura zao za kungoja chakula.

Samaki wanakujua wewe ni mleta chakula. Ukiwepo, mchezo unasimama. Kwa hiyo chukua simu, iegemeze kwenye kitu mita moja kutoka kwenye kioo, iwashe ikirekodi, kisha utoke chumbani nusu saa. Chagua alfajiri. Unasema vipande vinapotea usiku, lakini barbi wanalala usiku kama sisi. Kinachotokea ni kwamba wanaamka na mwanga wa kwanza wa dirishani, wewe bado uko kitandani, na beta bado kajilaza juu ya jani akiwa mzito. Dakika hizo thelathini ndizo ningeziwinda.

Kuhusu gapi mwenye pezi lililochanika, hapo sina uhakika kwamba ni barbi peke yao, na video itakusaidia. Gapi dume ana mkia mpana wa rangi, na beta dume akimwona humfananisha na beta mwenzake anayemjia kwenye eneo lake. Wengi humshambulia. Wakati huohuo gapi nao hudokoa mapezi marefu ya beta, na wakiwa madume watupu hudokoana wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo usishangae ukikuta kwenye tangi moja barbi anamla beta, beta anamla gapi, na gapi naye anajilipiza kila akipata upenyo. Aliyeumizwa naye anaweza kuwa anaumiza.

Neoni siwashuku. Koridora ndio kabisa niwatetee: mdomo wao umeelekea chini, umeumbwa kufukua mchanga, na watu huwasingizia kwa sababu tu huonekana karibu na samaki aliyekwisha kulala chini mgonjwa.

Niseme na jambo moja la pembeni. Kula mapezi si utundu wa matangini tu. Ziwa Malawi lina samaki anayeitwa Genyochromis mento ambaye riziki yake ni hiyohiyo, kuvizia wenzake na kuwakwangua magamba na mapezi. Pezi ni chakula: lina protini, na likishaliwa linaota tena. Ukilitazama hivyo utaacha kungoja barbi "wazoee".

Basi ufanye nini.

Leo hii mtoe beta. Si barbi, beta. Yeye ndiye anayehitaji utulivu, na ni rahisi kumdaka kuliko kuwafukuza barbi wanne katikati ya mimea. Chombo cha lita 15 hadi 20 kinatosha kwa muda wa matibabu, kiwe na hita ya nyuzi 26 au 27 na kichujio kidogo cha sifongo. Kama unaweza, kata kipande cha sifongo kutoka kwenye kichujio cha tangi kubwa ukiweke humo, ili bakteria wanaomeng'enya amonia waanze kazi siku hiyohiyo. Chombo kifunikwe, kwa sababu beta huruka, na pabaki nafasi ya hewa juu ya maji, maana beta huja juu kuvuta pumzi kwa kiungo maalumu alicho nacho kichwani. Pima amonia kila siku kwa wiki ya kwanza. Ikionekana hata kidogo, badilisha robo ya maji.

Dawa acha. Haitibu meno, na baadhi ya dawa za bakteria huwadhuru na wale bakteria wema wa kichujio, kisha unajikuta umetengeneza amonia ambayo hukuwa nayo. Iondoe kwenye tangi kubwa kwa kubadilisha maji na kuweka mkaa wa kuchujia kwa siku chache. Chumvi? Watu watakuambia uweke. Gramu 1 kwa lita kwenye chombo cha beta peke yake, iliyoyeyushwa kwanza, haitamdhuru kwa siku chache, lakini jeraha safi halihitaji hata hiyo, na kwenye tangi kubwa usiweke kabisa, koridora na mimea hawaipendi. Ukipenda kumpa kitu, mpe jani moja kavu la mti wa mkungu lililooshwa. Wafugaji wa beta wamelitumia tangu zamani. Maji yatageuka rangi ya chai na beta atatulia. Mimi naliona kama shuka safi kwa mgonjwa, siliiti dawa.

Nitakuambia lini ubadili mawazo na kuita huu ugonjwa. Akiwa peke yake, ukingo ukaanza kuwa na ukungu, mistari ya damu ikapanda ndani ya njiti, mapezi akayabana mwilini, akakataa chakula, au ukaona baka la kijivu au pamba mgongoni, hapo jeraha limeingiliwa. Ikienda kasi, yaani leo ukingoni na kesho kutwa karibu na mwili, fikiria kolumnarisi, ugonjwa wa Flavobacterium columnare. Usiongeze joto ukidhani unasaidia, kwa sababu bakteria huyo hushamiri zaidi maji yakiwa ya moto. Tafuta daktari wa mifugo anayejua samaki upate antibiotiki inayofaa. Bila dalili hizo, niamini, kaa na mikono mfukoni.

Sasa tangi kubwa. Utapewa ushauri wa kuongeza barbi wafike wanane au kumi ili wasumbuane wenyewe. Ushauri huo si uongo, na kwa anayetaka tangi la barbi ndio nitakaompa mimi pia. Lakini wingi hupunguza dokoa dokoa, hauifuti, na lita 80 ni ndogo kwa kundi la samaki wenye mbio namna ile. Kumweka beta wa mkia mrefu humo ni kumfanya aishi akiangalia nyuma. Barbi na beta hawakai pamoja. Naandika hivyo bila "inategemea", ingawa mambo mengi ya samaki hutegemea.

Kwa hiyo chagua tangi ni la nani. Kama ni la barbi, beta apate nyumba yake ya kudumu, gapi waondoke, uwaongeze barbi na utafute tangi kubwa zaidi, lita 100 kwenda juu, lenye wenzao wa mapezi mafupi na mbio, kama danio. Kama ni la beta, na kwa maneno yako nadhani ndiye umpendaye, barbi wapate mtu mwenye tangi la barbi, gapi nao wahame. Wabaki neoni na koridora. Koridora watatu ni wachache, wafikishe sita, utaona watakavyochangamka. Joto liwe nyuzi 25, ambapo beta yuko sawa na neoni hawaunguzwi. Usinunue kitu cha kujaza pengo la walioondoka.

Siku ukitaka kuongeza mtu, usiulize tu kama samaki fulani "ni mpole". Neno hilo dukani halina uzito. Barbi ni mpole kwa samaki asiye na pindo. Malaika ni mpole mpaka neoni waenee kinywani mwake. Tazama kwanza nani ana pezi refu na nani ana mbio, kisha ukubwa wa mdomo, kisha kama wanahitaji maji ya namna moja, kisha kama una nafasi ya kuweka kundi kamili la hao wa kundi. Rasbora wa kabari nyeusi, Trigonostigma heteromorpha, wamenifaa mara nyingi pamoja na beta. Tetra wa serpae na tetra wa sketi nyeusi nisingewaweka karibu na kitu chochote kinachopepea. Pufa, yule samaki anayejivimbisha, usimfikirie kabisa. Kulisha vizuri mara mbili kwa siku hupunguza kidogo udokozi, lakini sijaona barbi aliyeacha mapezi kwa sababu ameshiba.

Beta asirudi tangini kabla wote wa kuondoka hawajaondoka. Siku ya kumrudisha, panga upya mawe na mimea, uweke na mimea inayoelea ili apate pa kujificha juu, kisha mwingize jioni taa zikiwa zimezimwa. Hata hivyo kile chombo cha lita 20 usikigawe. Kila beta ana tabia yake, na wapo wasiovumilia hata neoni.

Mwisho, mkia. Ndiyo, utarudi, mradi haukuliwa mpaka kwenye shina pale unapoungana na mwili. Ukifika hapo mara nyingi hauoti tena. Maabara zinazomtumia samaki pundamilia, Danio rerio, kuchunguza kuota upya kwa viungo huona mkia wake uliokatwa ukirudi kwa takriban wiki mbili kwenye maji ya nyuzi 28. Wa beta ni mrefu mno kuliko ule, basi hesabu miezi. Ndani ya wiki ya kwanza ya kukaa peke yake utauona ule ukingo wa nailoni tena, na safari hii uache. Pengine utaota umejikunja mahali, na wekundu wake hautalingana na wa mwanzo: kwa beta wengi ule mstari wa pezi la zamani na jipya hubaki ukionekana muda mrefu, ukijua pa kuutazama.